Mtu wa Nne kwenye Karata

Nyumba za Watumishi wa Mahakama,
Jumapili mchana.

Mpendwa dada yangu,

Hujambo huko uliko? Shemeji je, na wale watundu wako? Mafua yamewaachia? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Kuna jambo, na kabla hujaletewa na wapiga domo, bora ulisikie kwangu.

Baba yako ameitwa mbele ya kamati ya maadili ya majaji. Ndiyo, Mjomba huyo huyo aliyekuwa akitufokea tukichezea joho lake.

Kuna fundi aliyekatwa vidole na msumeno kiwandani, akamshtaki tajiri wa mbao. Kesi iko kwa Mjomba, na karani wake ni mimi. Fundi ana kigugumizi. Siku ya kutoa ushahidi alikwama, Mjomba akamwigiza. Juu ya kiti cha ujaji, dada! "Se-se-sema basi, tuna-na-chelewa." Watu wakacheka, tajiri akacheka kuliko wote. Mimi niliinamia karatasi zangu kwa aibu. Fundi akarudi kukaa bila kumaliza.

Kwa hilo peke yake huenda angepewa onyo tu. Balaa ni karata. Unawajua wachezaji wa Jumamosi pale barazani kwenu: Mjomba, daktari jirani yenu na mimi. Sasa wa nne ni nani? Tajiri wa mbao! Kesi inaendelea, karata zinaendelea. Nilimwambia Mjomba huyu mtu asije kwanza, akanijibu, "Wewe cheza, acha woga." Na kweli, sikuwahi kuwasikia wakiigusa kesi mezani. Lakini fundi atajuaje? Yeye alipita getini akawaona aliyemwigiza na aliyemcheka wakigongeana mikono, akapeleka malalamiko.

Jana Mjomba alikuja kwangu amevaa kandambili, amezeeka kabisa. Akaniomba niiambie kamati kwamba wa nne alikuwa yule mwalimu mstaafu wa mtaani kwenu. Daktari ameshakubali kusema hivyo. "Ukimtaja tajiri wananivua joho, mwanangu." Mtu aliyenilea tangu mama afariki, ananibembeleza mimi! Alipoondoka nililia kama mtoto.

Dada, nampenda baba yako, na kesho nitamtaja tajiri. Yule fundi hakupewa hata nafasi ya kumaliza sentensi yake, nami nikakae pale niape, kisha niseme uongo? Siwezi. Nimejaribu, ulimi unakataa. Mama yako ameapa kwamba nikishasema, nisikanyage tena kwake.

Ukinikasirikia nitaelewa, ila usininyamazie. Afadhali unitukane.

Nisalimie shemeji, na watundu uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu akufunike na akupe moyo wa kuyabeba haya. Siku zote nikikuandikia huwa nakuletea salamu za nyumbani. Safari hii hakuna aliyenituma.

Wako akupendaye, upende usipende,
Kifupi