Barua Nane Kabatini

Atupele mdogo wangu,

Hamjambo hapo Ilomba? Huku Igowole ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na vidole vyangu vimekufa ganzi.

Huku barua hupitia sanduku la kanisa, na majina husomwa baada ya ibada. Leo nimekuja kumshtukiza Salome, rafiki yangu wa kalamu anayeishi huku, nikaanzia kanisani. Mzee wa kanisa akanifungulia kabati. Barua zangu nane za mwisho zote zilikuwa humo, hazijafunguliwa.

"Tunamwita kila Jumapili, binti. Anakaa palepale kwenye kwaya, haji."

Salome alinikumbatia huku akicheka. "Jamani dada, siku hizi nani anasoma barua? Si ungenitumia meseji!"

Nimefungua moja. Ni ile niliyoandika wiki ya msiba wa mama, yale nisiyoweza kukuambia hata wewe. Miaka miwili nimeishi nikiamini yupo mtu mmoja anayeyajua. Hayupo, Atu.

Mwamkie baba. Kula vizuri, usilale na nywele mbichi. Kama umesoma hadi hapa, usinipigie simu. Niandikie, hata mstari mmoja.

Dada yako,
Tusajigwe