Ufagio Wangu na Maua Yako

Adong mwanangu,

Mbona umekaa huko muda wote huu bila kunitazama? Shangazi yako kule Gulu umemjia ndotoni mara mbili, mpaka ukamwomba chai. Mimi niliyekuzaa, hata kivuli! Adabu gani hiyo?

Anayeniandikia ni Mama Wanjiru, jirani yetu Mkenya, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemwambia asiyapambe maneno yangu.

Najua kwa nini huji. Acha niseme mwenyewe.

Ulipokuwa umekonda, hata sufuria inakushinda, uliketi chini nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tangi la maji, ukapanda mbegu ndogo nyeusi ulizopata kazini kule shamba la maua. Ulisema ua lenyewe linaitwa usinisahau. Nikakucheka: ua ambalo haliingii chunguni lina faida gani? Ukasema, "Mama, hapa usifagie. Tafadhali." Nikaitikia.

Tukakuzika. Niliporudi hapa nyumbani Makindye nikakuta uwanja umejaa majivu na maganda ya matoke waliyoacha waombolezaji. Unanijua. Kambini, nilipokaa na baba yako, mke wa askari alipimwa kwa uwanja wake. Jani moja tu ni aibu. Nikashika ufagio. Nikafagia kwa hasira ya kukuzika, mbele mpaka nyuma, udongo ukabaki mtupu. Ndipo nikaona kwenye taka vijani vyenye manyoya, vidogo kama masikio ya panya.

Vilikuwa vimeota, Adong. Vilikuwa vimeota!

Nilivirudisha ardhini kwa vidole. Kufika jioni, vyote vimelala.

Jina lako nilikupa mimi. Ulizaliwa baba yako amekwisha kufa, nikasema huyu ndiye aliyebaki, maana ndilo neno Adong kwa lugha yetu. Hukubaki. Na kile ulichoniachia, nikakifagia.

Mwezi uliopita nilipata moyo wa kufungua mkoba wako. Ndani yake, kwenye pakiti, zilikuwamo mbegu chache za ua lile. Nikazifunika udongo mwembamba kama ulivyofanya wewe. Ulisema zinataka giza kwanza. Zikaota tatu. Konokono akala moja, jua likaua nyingine. Imebaki moja, nayo haina ua. Ulisema huenda likachukua mwaka. Mimi na miguu hii iliyovimba, sijui kama mwaka ninao.

Nimeuzungushia mche matofali. Ufagio haupiti hapo tena. Nyasi zimeota, majirani wananicheka, wacha wacheke. Huyu Mama Wanjiru naye badala ya kuandika analia, ananilowanishia karatasi.

Lala, mwanangu. Mche huo mmoja nitaumwagilia kila siku, hata kama ni kwa kutambaa, mpaka nikufuate.

Na ukija, usipitie mbele. Pitia nyuma, penye tangi. Vua viatu, angalia unapokanyaga. Kama umekuja kunigombeza, keti, nigombeze mpaka uchoke. Ila usiondoke kabla sijakuona uso.

Mama yako