Shavu la Kupimia Rangi

Katandala, Sumbawanga
Jumapili, 14 Julai

Kwa dada yangu mpendwa Dominika,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa kusahihisha mitihani kimeachia. Sisi huku tu wazima. Mama mdogo Rozina anakusalimu sana. Anasema baridi ya mwaka huu inamkumbusha ile ya mwaka uliozaliwa wewe, ingawa mwaka jana pia alisema hivyohivyo. Maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole, na shuleni mkuu ameturuhusu kuvaa masweta mawili mradi la juu liwe la shule. Watoto wako wa darasa la pili hawajambo? Na shemeji Flavian?

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ya mama mdogo inakaa jikoni, na jikoni kila mtu ana masikio. Halafu nina jambo ambalo nikilianza kwa mdomo nitaliacha katikati. Kwa hiyo nampa Mwalimu Benjamini barua hii pamoja na kifurushi, kwa kuwa anarudi huko Laela kesho. Nimekizungushia selotepu nyingi kwa sababu alikitikisa mbele yangu akiuliza kama ni mahari inarudishwa.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Rangi imepatikana, dada, na ni nzuri kuliko tulivyofikiri. Uliniagiza vitu viwili: ile paleti ya rangi nyekundu za mdomo na mashavu kwa ajili ya harusi, na kopo la krimu ya kung'arisha uso. Ndani ya kifurushi utakuta paleti peke yake. Krimu sikuileta kwa makusudi, wala sikuisahau, na sababu yake nitaiandika kabla sijafunga barua hii. Nakuomba tu usome kwa kufuata mstari, usirukie mwisho kama unavyofanya na hadithi.

Duka nililokwenda ni la Dada Violeth, mtu wa Mbeya, yule atakayekupamba siku yenyewe. Nilipomwambia nimetumwa na bibi harusi, akaniuliza bibi harusi ana rangi gani. Nikajibu kama mtu aliyejiandaa kwa mtihani: mimi na dada yangu ni rangi moja, tangu utoto watu wanatufananisha, kwa hiyo ajaribishe kwangu. Nikamsimulia pia siku ya kuvishwa pete, Pasaka iliyopita. Samahani kwa kuifichua, lakini nilitaka ajue uzito wa jambo. Nilimweleza jinsi midomo yako ilivyotoka kijivu kwenye picha, na jinsi shangazi yake shemeji alivyosema mbele ya wageni kwamba kumbe walimu wa Laela chaki hawaandikii tu, wanalamba pia. Sikumwambia kuwa ulilia nyuma ya stoo ya mahindi, wala kwamba uliapa kwenda kanisani na uso mtupu. Hayo ni yetu.

Dada Violeth hakucheka. Alitoa paleti mbili, akapitisha kidole mara moja kwenye nyekundu ya kila moja, akajichora mistari miwili ndani ya mkono wake, nao ni mweusi kama wetu. Mstari wa kwanza ulikaa juu ya ngozi kama vumbi, na ngozi ikaonekana chini yake. Wa pili ulikuwa mwekundu kwelikweli, kama pilipili iliyoiva. Akanieleza kwamba rangi hafifu huchanganywa na unga mweupe mwingi ili kopo lijae. Kwa mtu mweupe unga ule hauonekani. Kwetu sisi hujitokeza wote, na ndiyo ile chaki ya shangazi. Iliyokolea ina rangi nyingi na unga kidogo, kwa hiyo haibishani na ngozi nyeusi, inaiitikia. Nimeandika maneno yake kwenye daftari langu la Kemia, ukurasa wa mwisho.

Dada, niliitazama tena ile mistari miwili. Tangu Pasaka tulidhani kosa ni la uso wako. Kumbe kosa lilikuwa la kopo.

Basi akanikalisha chini ya taa na kuanza kunijaribishia. Shida ikawa kila kitu kinapendeza. Hata ile hafifu yenye unga ilitokea vizuri kwenye shavu langu, nikaona ndiyo ya kuchukua kwa kuwa haina kelele, na wewe ni mwalimu. Alikuwa ameshaanza kuifunga kwenye gazeti, lakini ana kawaida ya kumtoa mteja nje aione rangi kwenye jua. Tukatoka barazani. Akaushika uso wangu kwa kidevu, akaugeuza huku na huku, kisha akashusha kola ya sweta langu. Akasema mwee, kama watu wa kwao Mbeya wanavyoshangaa. Akaninong'oneza kwamba shavu hili halifai kupimia rangi ya mtu mwingine, na kwamba nimlete mtu mwenye rangi halisi ya bibi harusi. Hakusema zaidi mbele za watu, na kwa hilo nitamshukuru daima. Aliifungua ile paleti kutoka kwenye gazeti akairudisha kabatini. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimeinamisha kichwa hadi mwendesha bodaboda mmoja akanipigia honi na kuniuliza kama natafuta sindano.

Nikafikiri ni nani mwenye rangi yako. Nikamwona mama.

Alhamisi alikuja kutoka Kasense kumletea mama mdogo maharage mapya, akiwa na kitenge chake cha akina mama Wakatoliki wa WAWATA na uso unaong'aa kwa mafuta ya mgando kama kawaida ya Julai. Nilimwomba anisindikize dukani bila kumwambia yeye ndiye kazi yenyewe. Alipoelewa, alishika mlango. Akasema yeye ni mama wa jumuiya, lipstiki hajawahi kuipaka tangu abatizwe, na akikutana na katekista barabarani atamweleza nini? Dada Violeth akamjibu kwa heshima zote kwamba hapambwi, anatumika kama kipimo tu, kama vile debe la kupimia ulezi. Mama akacheka hadi akakaa. Alisema ana miaka hamsini na miwili, amelea watoto na ng'ombe, na sasa amepandishwa cheo kuwa debe.

Ilibidi kwanza afutwe mafuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, maana rangi juu ya mafuta ya mgando huteleza kama mtu kwenye tope. Hili likariri na wewe: asubuhi ya harusi usijipake mafuta, hata upepo ukivuma namna gani. Mama alilalamika kwamba anaachwa uchi wa uso. Kisha rangi zikaanza kupita. Nyekundu yenye unga ilimfanya aonekane mgonjwa. Nyekundu ya nyanya ikapiga kelele peke yake, uso ukabaki nyuma. Ya tatu ilikuwa ile iliyokolea, inayoelekea kwenye rangi ya damu. Dada Violeth alimpaka mdomoni kwa kidole, akachukua kidogo cha hiyohiyo akaisambaza mashavuni, akamtoa nje kwenye jua na kumpa kioo.

Sijui nikueleze vipi. Alikuwa mama yuleyule, ila kama mtu aliyetoka kusikia habari njema. Alijitazama muda mrefu, akasema neno kwa Kifipa ambalo sikulisikia vizuri, halafu akaniuliza kama hivi ndivyo utakavyokuwa. Nikamwambia ndiyo. Akapewa karatasi laini ajifute. Aliikunja, akaitia kwenye pochi, akapanda bodaboda na mdomo wake mwekundu hadi Kasense. Jioni alipiga simu kusema baba alimtazama, akamuuliza kama kuna mgeni anakuja, akaenda kubadilisha shati.

Sasa nafika mahali ambapo ningeweza kufunga barua, na natamani iwe hivyo.

Dada, shavu langu halikufaa kupimia kwa sababu nimekuwa nikipaka krimu ileile uliyoniagiza. Nilianza wiki moja baada ya Pasaka. Maneno ya shangazi yalikuwa juu yako, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu nawe na trei ya soda, na kama sisi ni rangi moja basi na mimi nilitukanwa. Suma, ninayekaa naye dawati moja, alinigawia nusu ya kopo lake. Simlaumu, niliomba mwenyewe. Nilipaka kila asubuhi kabla ya shule. Mwezi wa kwanza wasichana walinisifia kwamba nimetakata. Mwezi wa pili nikawa siwezi kusimama mstarini juani bila mashavu kuwaka. Kisha ngozi ikaanza kubanduka, na sasa juu ya mifupa ya mashavu kuna mabaka meusi kuliko nilivyokuwa mwanzo, huku taya limebaki jekundu na shingo ni yangu ya zamani. Unakumbuka mama mdogo alikulalamikia kwamba siku hizi nina maringo, wote wanaota moto kwenye jiko la mkaa nami nakaa peke yangu mlangoni kwenye baridi? Si maringo. Joto la jiko lilikuwa linanichoma.

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba uliponipigia mwezi uliopita ukaniuliza kama krimu ile inafanya kazi, nilikujibu inafanya kazi sana, siku ishirini zinatosha. Nilikudanganya huku nikiwa nimeshika shavu. Niliogopa ukijua utamwambia baba. Na nilikwenda mbali zaidi, nikanunua kopo lako na kulificha chini ya godoro tayari kwa kulituma. Kama Dada Violeth asingenitoa nje kwenye jua, lingekuwa kwenye kifurushi hiki, nawe ungekuwa unalipaka sasa hivi, wiki tatu kabla ya harusi.

Nilimwambia mama siku ileile, tulipokuwa tukisubiri bodaboda. Nilingoja kofi. Alipitisha kidole chini ya taya langu, pale rangi mbili zinapokutana, akasema yeye alizaa mabinti wawili wa rangi moja na hakumbuki kuomba mtu amsaidie kusahihisha. Kisha akaahirisha safari kwa saa nzima akanipeleka hospitali na lipstiki yake. Daktari alinipa dawa ya kupaka na kunionya nikae mbali na jua. Amesema ngozi itarudi, kwa miezi, si kwa siku. Kopo lako nimelitumbukiza chooni. Suma naye nimemwambia yote aliyosema daktari, amenuna, lakini jana alikuja na kofia ya kujikinga na jua.

Usiku huohuo nilikaa karibu na jiko kidogo, umbali wa hatua mbili, na mama mdogo akanisogezea kigoda bila kuuliza. Sijui kama anaijua siri yangu au ni baridi tu. Nimejisikia mwepesi, dada, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni ambao hakuna aliyemtuma kuubeba.

Kwa hiyo nakuomba usitafute krimu hiyo popote, wala huko Laela stendi ambako wanauza kila kitu. Nakuomba unisamehe kwa uongo wangu. Na nakuomba upake rangi hii kidogo hata leo, utoke nje uitazame kwenye mwanga wa jua, ndipo uamue mwenyewe kama bado unataka kwenda kanisani na uso mtupu. Ukiamua hivyo nitakuwa upande wako. Ila nadhani hutaamua hivyo.

Jambo la mwisho ni la picha. Mimi ndiye mpambe wako, na kufikia siku ile mabaka yangu hayatakuwa yameisha. Dada Violeth amejitolea kuyafunika kwa poda, lakini daktari amekataza chochote juu ya ngozi mbichi, kwa hiyo nitasimama hivi nilivyo. Nilitaka kukuomba uchague mtu mwingine. Nimebadili mawazo. Nitasimama kushoto kwako, maana shavu langu la kushoto, litakaloelekea kwenye kamera, ndilo linalopona haraka, na kama shangazi ana la kusema, safari hii aseme kwangu. Wewe utakuwa na kazi ya kutabasamu.

Wasalimie walimu wenzako wote, na mwenye nyumba wako Mama Gabriel. Mama, baba na mama mdogo wanakusalimu na kukuombea. Tunakungoja Kasense mapema wiki ya harusi, usije siku moja kabla kama mgeni.

Mdogo wako anayekupenda na ambaye hana tena la kukuficha,

Epifania
Kidato cha Tatu B