Kipini cha Mnyororo

Jumamosi, jioni. Joto halijapungua. Mawingu yamejaa upande wa Sikonge tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu, kwa hiyo naandika.

Nimeitengeneza baiskeli leo. Imekaa sawa kabisa.

Tulipohamishiwa kijiji hiki kipya ilibeba milango, nguzo, magunia, hata mama yangu na kuku wake. Matatizo yalianza baadaye, mnyororo ukawa unakwama na kuruka meno. Mafuta ya mashine hayajaonekana dukani kwetu tangu kijiji kianzishwe. Sisi ni watu wa kurina asali, na nta kwetu ndiyo dawa ya kila kitu: kamba tunaipaka nta, upinde nta, mzinga nta. Nikaupaka na mnyororo. Ukanyamaza siku chache, nikajiona fundi. Kumbe nta ilikuwa inakusanya mchanga, mpaka pedali zikagoma.

Mke wangu Tatu alikuwa na mimba ya kwanza, na mwezi wenyewe ulikuwa huu. Zahanati iko mbali. Mama alishaniambia, "Mpeleke mapema, akasubirie huko."

"Nisafishe kwanza mnyororo, mama. Kesho tunaondoka."

Hiyo ilikuwa juzi, Alhamisi. Niliipindua baiskeli uani, matairi juu. Nikachomoa kipini, kile kibati kidogo kinachofunga mnyororo, nikakiweka chini karibu na goti. Nta niliikwangua kwa kisu, ikatoka nyeusi, madonge madonge, nikawa nayaangushia hapo hapo. Mnyororo nikauloweka kwenye mafuta ya taa.

Ndipo Tatu akatoka, ameshika mlango.

"Masanja, acha hiyo. Uchungu umeanza."

Nikautoa mnyororo unachuruzika, nikauzungusha kwenye meno yake, nikapapasa chini kutafuta kipini.

Hakipo.

Nilichambua mchanga kwa vidole, mama akauchekecha kwa ungo. Baiskeli nyingine ya karibu ni ya balozi wetu wa nyumba kumi, naye alikuwa ameshaondoka nayo kwenda Goweko. Tatu alikaa kizingitini akinitazama. Hakunilaumu, na mimi nilitamani anitukane.

Mwishowe majirani walikigeuza kitanda kuwa machela, tukambeba mabegani. Watu wenyewe hatujajuana vizuri, kila mmoja kahamishwa kutoka kwao. Njia ni ile ile ya wapagazi wa zamani. Babu yangu aliipita na mizigo ya watu kichwani, na siku nilipopata baiskeli nilidhani ukoo wetu umeachana na kubeba.

Mtoto alizaliwa kabla hatujafika. Wa kiume.

Hakulia.

Tulimzika jana. Tatu amebaki zahanati. Damu ilimtoka nyingi, lakini mganga anasema atapona.

Leo nimerudi uani kwa sababu sikujua pa kwenda. Madonge ya nta yalikuwa bado yako pale, nikaanza kuyaokota nikayatupe porini, nisiyaone tena. Moja likanichoma kidole. Nimelipasua na kipini kimo ndani. Nta niliyoikwangua mwenyewe ilikiangukia na kukimeza, na sisi tukahangaika kuchekecha mchanga.

Nimekaa nacho mkononi muda mrefu. Nimelia, hakuna aliyeniona.

Balozi alikuja na mafuta ya mashine kidogo aliyoyapata Goweko, akanipa. Nimeupangusa mnyororo kwa kitambaa kikavu, nikaufunga, nikadondoshea kila kiungo tone moja, kisha nikafuta yaliyozidi ili vumbi lisipate pa kushika. Ndivyo inavyotakiwa. Ni kazi ndogo sana. Nimezungusha pedali, gurudumu limekwenda kimya.

Asubuhi nakwenda kumchukua Tatu. Nimefunga mto kwenye keria ya nyuma ili asiumie.

Sijui kama atakubali kupanda.