Tumbo la Mjusi wa Maji

Mwanangu,

Yule mjusi wako wa maji mwenye tumbo jekundu amekufa. Nimemkuta leo asubuhi anaelea kwenye tangi la kioo, miguu juu. Mimi kuzungukazunguka sijui, unanijua.

Baada ya hilo, salamu. Mimi mzima, mgongo ndio uleule. Wewe hujambo? Mume wako naye? Yule mjusi wa pili uliyetuachia ulipoolewa, mwenye mkia uliokatika ncha, yu hai. Anakula.

Leo sikwenda kubeba matofali. Nilimpigia nyapara nikamwambia nina msiba. Akauliza nani. Nikasema mjusi. Alicheka mpaka akakohoa, akasema kesho nitamwomba ruhusa ya kuzika mende, lakini siku moja akanipa. Nimemzika nyuma ya nyumba, karibu na bomba, pale mama yako alipokuwa akimwaga maji machafu ya tangi.

Sasa sikia. Jana jirani, yule mama fundi cherehani, aliniletea suruali yangu aliyoitia kiraka. Akachungulia kwenye tangi. Akasema shemeji, huyu mnyama anaumwa, tumbo limekuwa kahawia na juzijuzi tu lilikuwa linawaka. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia ashone nguo, mijusi aniachie mimi. Akaweka suruali kwenye kiti, akatoka.

Alipokwenda nikalitazama lile tumbo. Nikaleta na tochi. Nikaona lilelile la siku zote.

Wewe uliniambia wazi, wekundu ukififia nibadilishe maji palepale na nikupigie. Kila ulipouliza kwenye simu nilikujibu ni jekundu kama pilipili iliyoiva. Maneno hayo si yangu. Mama yako ndiye alikuwa akiyasema akiwalisha, nikayashika.

Mwanangu, mimi wekundu siuoni. Tangu kuzaliwa. Nyekundu, kahawia, kijani iliyokolea, kwangu yote ni kitu kimoja. Mama yako peke yake alijua. Ndiye aliyenitolea nguo asubuhi, ndiye aliyeniambia nyanya ipi imeiva. Siku tunamzika nilivaa soksi moja hivi, nyingine vile. Shangazi yako akasema uchungu umenivuruga akili. Wewe ukanishika mkono, ukazidi kulia. Nikanyamaza. Uchungu nilikuwa nao, lakini soksi ni kwamba hakukuwa na wa kuniangalizia.

Ningekwambia, mijusi ungewapeleka kwa mwenye macho. Niliona haya, mzee mzima kushindwa na kitu anachokijua mtoto wa chekechea. Kwa haya yangu nimemuua mnyama ambaye mama yako, mpaka anakufa, alikuwa akimtunza.

Mchana nilikwenda kwa fundi cherehani nikamwomba radhi. La macho nalo nikamwambia. Hakucheka. Alisema alikuwa akijiuliza mbona suruali ya kahawia nilimpelekea na kitambaa cha kijani cha kiraka, akadhani ndiyo mitindo ya wajane. Hapo ndipo akacheka, na mimi kidogo. Atakuwa anapita jioni kumwangalia huyu aliyebaki, na habari zake atakupa yeye, siyo mimi. Ukitaka kuja kumchukua, njoo umchukue. Sitanuna.

Msalimie mumeo. Haya mengine usimwambie, au mwambie, utaona mwenyewe.

Ni mimi baba yako. Kesho narudi kazini.