Kitanda cha Baba Hakipandi Ngazi

Nyumbani kwetu,
sebuleni, juu ya kitanda,
Jumapili, tarehe 8, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Hapana, hatujakikata. Hilo ndilo jibu nililokuwa nakupa juzi simu yako ilipoisha chaji, na nimeona nikianza na salamu utasoma huku roho iko juu. Kitanda ni kizima, miguu yake yote minne. Nimekikalia hivi sasa ninapokuandikia, mto mgongoni, kikombe cha chai sakafuni.

Sasa shikamoo, Shangazi wangu. Goti linasemaje? Bado unapanda kwenye stuli kufuta kabati la juu wakati nyumba imejaa watu warefu? Na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha, au ndiyo mmeshazoeana? Nijibu ukweli, usinijibu kama unavyomjibu daktari.

Sisi huku ni wazima, tena uzima wa kutia watu wivu. Mume wangu (neno hili bado naliandika polepole ili nilifaidi) ameota mashavu. Asubuhi akitoka kwenda kazini hurudi mlangoni mara mbili, mara kasahau kofia, mara kasahau ufunguo, na kofia iko kichwani na ufunguo uko mkononi. Ananiangalia tu, anacheka, anaondoka. Shangazi, nina furaha mpaka naona haya, na ndiyo maana jambo hili la kitanda linaniuma zaidi. Mtu mwenye furaha kiasi hiki hakupaswa kumhuzunisha mtu yeyote.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu yako lazima iwe sauti ya juu, na dirisha lako linaangalia karakana ya Baba. Barua hii anakuletea dereva anayesafiri keshokutwa, wa kazini kwa mume wangu. Umpe chai, ni mtu mzuri ingawa anaongea sana, na nikisema mimi kwamba mtu anaongea sana, ujue.

Nikueleze nyumba kwanza. Ni nyembamba, imebanwa kati ya nyumba mbili kama kitabu kwenye rafu. Chini kuna sebule na jiko, juu kuna vyumba viwili na bafu. Katikati kuna ngazi ya mbao. Inapanda kidogo, halafu inakata kona ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani, ndipo inamalizia safari yake. Siku ya kwanza niliipenda ile kona. Nilisema nitaweka maua pale. Sasa nikipita naiangalia kama mtu aliyenitukana.

Kazi nimepata, nusu siku, kwenye duka la mapazia. Napinda kingo na kushona pete za kutundikia. Vitambaa vinavyobaki mwisho wa jora, bosi hunipa, kwa hiyo kila dirisha letu lina sura yake: jikoni mistari, bafuni madoadoa, sebuleni maua makubwa ya kahawia ambayo hakuna mteja aliyeyataka. Mume wangu anasema nyumba yetu imevaa kama mtu aliyevalia gizani. Lakini anasema hivyo huku amenishika kiuno, kwa hiyo sijali.

Chumba cha kulala cha juu ndicho nilichokimalizia mapenzi yangu yote. Tulikipaka rangi wenyewe, kijani kile cha jani changa, tukapakana na sisi. Kuna zulia dogo, kuna taa ya pembeni, kuna pazia jeupe refu la kitambaa kizima, ambalo nililinunua na sikupewa. Kila kitu kiko mahali pake, na katikati pako wazi. Ukiingia sauti yako inakurudia.

Kwa sababu kitanda kiko chini, Shangazi. Nimekilalia, nakipenda, na hakipandi.

Unakumbuka Baba alivyotuuliza vipimo kabla hajaanza kazi. Mume wangu alichukua tepu akapima chumba, urefu na upana, akapima mlango wa chumba, hata akapima unene wa ukuta, akamtumia. Baba akafanya kazi yake kwa vipimo vile, akaacha na nafasi ya mkono kupita. Kitanda kinaingia katika mlango ule bila kugusa. Ila kwanza lazima kifike mlangoni. Hakuna aliyepima ngazi. Kwetu nyumba zote zimekaa chini, Baba amepeleka vitanda maisha yake yote na hajawahi kukutana na ngazi. Mume wangu naye kakulia vilevile. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale nimeshika ncha ya tepu, nawaza maua.

Na unajua kitanda cha Baba hakifunguki. Yeye skrubu huziita uvivu. Mbao zake zinaingiana, ulimi kwenye tundu, gundi katikati, na kikishakauka ni kitu kimoja kama kilichoota hivyo. Kiliposafiri na mizigo ya watu, kimefungwa mablanketi, niliomba kisivunjike. Ningejua ningeomba kikunjike.

Tulijaribu. Alikuja rafiki wa mume wangu, yule wanayefanya naye kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, wanamwita Mzee wa Pasi ingawa hajafika hata miaka arobaini. Yeye akatangulia juu kuvuta, mume wangu chini kusukuma, mimi katikati kutoa amri. Kilipanda vizuri mpaka kwenye kona, kikakwama. Wakakilaza, wakakisimamisha, wakakigeuza miguu juu. Plasta ikaanza kudondoka. Kwenda mbele hakiendi, kurudi hakirudi, na Mzee wa Pasi amebaki upande wa juu hana pa kushukia.

"Shemeji," akaniita kutoka kule, "chai yangu nitainywea huku, au niandikiwe mkataba wa chumba?"

Tulimpitishia kikombe juu ya kitanda. Akanywa amekaa kwenye ngazi, akamwambia mume wangu, "Ndugu yangu, wewe siku nzima unakunja mashuka ya vitanda vya watu. Chako mwenyewe utakitandika koridoni." Tulicheka mpaka tukaishiwa nguvu, na nadhani ni kule kulegea ndiko kulikokifanya kiteleze, kikashuka chenyewe. Tukakirudisha sebuleni kilikotoka.

Hapo sote tuliona ni kichekesho. Nilikitandika vizuri, nikakaa katikati na gauni langu lile la njano kama malkia aliyeishiwa ufalme, mume wangu akanipiga picha, nikamtumia Mama amwonyeshe Baba. Nilipopiga simu bado nilikuwa nacheka. Baba akaichukua simu. Nikamwambia, "Baba, kitanda chako kimegoma ngazi." Akasema, "Kumbe kuna ngazi." Nikamwambia ipo, tena ina kona. Akasema, "Basi. Kateni." Akampa Mama simu.

Wewe unamjua kaka yako, Shangazi. Neno "basi" kwa watu wengine ni neno tu. Kwake ni komeo.

Tangu hapo nikipiga, Mama ananiambia, "Mwache baba yako, amechoka," na amechoka kila siku. Juzi ndipo wewe ukaniambia karakana haijafunguliwa tangu siku ile, na kwamba ule mlango alioagizwa na mwalimu umelala nusu, na kwamba anakaa kwenye kibaraza ameziangalia mbao kama mgeni. Sikulala vizuri. Simlaumu kitu. Hajakosea hata unywele mmoja. Nikimwambia hivyo atasema ahsante, na karakana itabaki imefungwa.

Kwa hiyo ruhusa ya kukata ninayo, na ruhusa yenyewe ndiyo inayonifunga mikono. Angesema "msikate" ningejua la kufanya. Angekasirika ningemwomba radhi. Amesema kateni, akakaa kimya, na mimi niko mbali kiasi hiki, ninachoweza kukishika ni simu tu.

Kuna fundi seremala wa huku, tulimwita. Ni kijana mchangamfu, hana baya. Akakizunguka kitanda, akapitisha kiganja kwenye ungio akitafuta skrubu, hakuona. Akainama chini, hakuona. Akauliza, "Huyu alikifungaje?" Mume wangu akamwambia, "Hakukifunga." Akatikisa kichwa kwa heshima, nikampenda kwa hilo. Halafu akachora alama mbili kwa penseli kwenye mbao za ubavuni, akasema akikata pale ataunganisha juu kwa vyuma, haitachukua muda wa kuchemsha chai.

Nilisema sawa. Sijui nilisemaje, lakini nilisema. Nilikuwa nimechoka kulala sebuleni, Shangazi, nimekumbatia mto, nawaza chumba changu cha kijani. Yule kijana akaweka msumeno kwenye alama. Mume wangu akamshika mkono.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mkwe wangu hajalala vizuri."

Fundi hakuelewa. Alituangalia mmoja mmoja, akarudisha msumeno wake kwenye mfuko, akasema tumwite tukishakubaliana. Mimi nililia jikoni. Kama ungekuwepo ungeona jinsi nilivyoolewa, kwa sababu alikuja nyuma yangu, akaanza tu kuosha vikombe. Nilimuuliza tufanye nini. Akasema hajui. Nikamwambia hata mimi sijui. Tukabaki hivyo, watu wawili wazima na vyeti vyetu vya kidato cha nne, tumeshindwa na kona.

Dirishani hakipiti, usiniulize. Madirisha ya juu ni madogo, na mama mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kung'oa fremu. Anasema ukuta ule ni mzee kuliko yeye. Na yeye ndiye aliyetuwekea muda. Alikuja kuangalia ile plasta, akakuta kitanda kimetandikwa karibu na mlango wa jiko, akasema, "Mmepanga nyumba nzima, mnalala kama mnasubiri basi?" Halafu akaacha utani. Jiko ni la gesi, mapazia yangu ya maua yananing'inia palepale, na njia ya mlango wa nyuma imezibwa. Amesema mwisho wa mwezi kitanda kiwe kimepanda au kimetoka, na kwa kweli siwezi kumbishia. Mimi mwenyewe nikikaanga mayai naangalia nyuma.

Kukitoa kiende wapi? Kukirudisha alikokitengeneza, ndiyo itakuwa nini kwake? Kukiuza, mdomo wangu haulisemi hilo. Kwenye ubao wa kichwani, Shangazi, pembeni kabisa ambapo mtu mwingine hatazami, amechonga kasuku mdogo mwenye mdomo wazi. Hakuniambia. Nilimwona siku nilipokuwa nafuta vumbi la safari. Na Mama alinidokeza kwamba kwa kazi ile ndogo alitumia miwani mbili, moja juu ya nyingine. Sidhani kama kuna kitanda kingine kinachokuja baada ya hiki.

Mume wangu amejaribu kumwandikia. Ameanza "Mzee wangu, kosa ni langu la kutopima," akachana. Akaanza tena, akachana. Anasema kila anavyoliweka linasikika kama anamfundisha mkwe wake kazi. Mimi nikijaribu kuongea nacheka au nalia, hakuna katikati. Ndivyo tulivyo, Shangazi. Tunapendana sana na hatuna msaada wowote kwa mtu.

Jana tulikaa hapa kitandani, miguu juu ya kiti, mikate yetu magotini, tukakubaliana jambo moja tu. Msumeno hautagusa mbao kabla Baba hajaonyesha mwenyewe mahali. Siyo kusema kateni. Aonyeshe, kwa kidole chake, hapa na hapa, na aniambie baadaye inaungwaje ili ibaki kazi yake. Hilo haliwezekani kwa simu. Kwa simu atasema basi.

Mume wangu hawezi kuondoka, hajamaliza muda wa kupewa likizo. Atabaki kulinda kitanda, na nimemkataza kukaanga chochote. Mimi bosi ameniruhusu nije kumchukua Baba nikimaliza mapazia ya nyumba moja ya wageni, na nashona hata wakati wa mapumziko.

Nisalimie Mama, umwambie simlaumu kwa kunificha. Msalimie binamu yangu na wale pacha wake, Kelele na Kelele Ndogo. Msalimie mwalimu, umwombe avumilie mlango wake kidogo. Babu wa duka la misumari mwambie picha ya harusi nitamletea. Mungu akupe goti la kutembelea na usingizi usiokatika, na akulipe kwa kila chozi ulilonikaushia nilipokuwa mdogo na sijui kulia kimyakimya.

Na kwa Baba usiseme kama ninakuja. Akijua atajiandaa, na akijiandaa nitakuta mtu mwenye majibu mafupi. Mwambie hivi tu: kuna mteja ana lalamiko la kitanda, anatoka mbali, hataki kuongea na mtu mwingine ila fundi mwenyewe, na atakuwa mlangoni pa karakana kabla ya tarehe ishirini.

Wako akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,
mtoto wa kaka yako,
Kasuku.