Duara Kabla ya Mapacha

6 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Unakula, au unakula vitabu tu? Mimi mzima, goti ndilo linanikumbusha umri. Mdogo wako naye mzima, kutwa yuko juu ya mapaa ya watu, anapigilia misumari na kupiga miluzi.

Barua yako nimeisoma kwa taabu. Zamani mwandiko wako ulikuwa kama mshono wa cherehani, sasa kama kuku kachakura kwenye wino. Au uliandikia kwenye gari?

Nina neno. Mdogo wako anataka kumwoa yule fundi cherehani, lakini anaogopa. Ananiambia, "Mama, baba alianza kwa kumwaga chai, akaishia kutonijua. Nikiwa nimeurithi ugonjwa wake je? Nimwachie mtoto wa watu msiba?" Nikamwambia, dada yako alitutoa damu sote, yeye ndiye aliyekigundua kinasaba cha ugonjwa ule, atatuambia. Basi tuambie mwanangu. Anao au hana. Neno moja tu.

Mama yako

*

20 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Sasa naandika kwa mashine, kazi zimenizidi.

Damu zenu maabarani zina namba, hazina majina. Kanuni ya utafiti hainiruhusu kumpa mtu jibu lake. Nikiivunja, kazi yangu yote itatiliwa shaka. Kipimo cha hospitali bado hakijaruhusiwa. Mwambie asubiri.

Mwanao

*

2 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi tunapumua.

Umesema asubiri. Ngojangoja huumiza matumbo. Mdogo wako alimwita yule binti mlangoni kwetu akamwambia, "Mimi sikutaki tena, nenda." Uongo mtupu, niliusikia nikiwa jikoni. Binti akasema, "Nitazame basi ukisema hivyo." Hakumtazama. Mwezi uliofuata akaolewa na mwenye duka la vitambaa. Siku ya harusi mdogo wako alikuwa juu ya paa la jirani yao. Miluzi sijaisikia tena.

Na barua za mashine sizitaki, hazina mkono wako. Andika hata mstari mmoja.

Mama yako

*

1 Agosti

Mama, shikamoo.

Nampa pole mdogo wangu. Nimepata tuzo kwa ule utafiti. Sitakuja likizo hii. Wewe pia usije, ninapokaa ni ghorofani na ngazi ni nyingi.

Mwanao

*

19 Oktoba

Mwanangu,

Leo salamu zitasubiri kidogo.

Nilikwenda kutibiwa goti. Daktari akaniita "Mama wa Bingwa", akafungua jarida lenye kazi yako. Kasema wasomi wa kila upande wanakutaja, hakuna anayeandika juu ya ugonjwa ule bila kuanza na wewe. Nikavimba kichwa. Nikamwomba anionyeshe picha, maana maneno ni ya kwenu wasomi.

Ulikuwa mchoro wa ukoo uliouchunguza, akanieleza: mraba mwanamume, duara mwanamke. Aliyepakwa weusi anao ugonjwa au utamjia. Aliyekatwa kwa mstari, marehemu. Daktari hakujua ni akina nani. Mimi nilijua. Ulibadilisha majina yetu kuwa namba, ila mpangilio wa uzazi wangu ukauacha vilevile. Katikati kuna wawili wanaoning'inia kwenye uzi mmoja, wote wamekatwa. Nani asiyewajua mapacha aliowazika?

Baada ya mapacha, mraba. Mweupe. Nikacheka peke yangu, daktari akadhani ni furaha ya tuzo. Mdogo wako ni mzima, na wewe ulijua.

Kisha nikarudi mwanzo wa mstari. Kabla ya mapacha nilimzaa nani?

Duara hilo ni jeusi.

Nimezitoa barua zako za mkono nikazipanga kitandani, ya zamani mpaka ya mwisho. Niandikie. Kwa mkono.

Mama yako

*

11 Novemba

Mama,

Ningesema mdogo wangu mzima, ungeniuliza, na wewe je. Wewe sijawahi kukudanganya. Nikanyamaza.

Vikombe navishika kwa mikono miwili.

Mwanao

*

28 Novemba

Mwanangu,

Shikamoo yako haikuwemo, nimeipokea hivyohivyo. Goti limepoa.

Mistari yako ilinishinda, nikampa mdogo wako anisomee. Akasoma yote, akaikunja. Akauliza, "Alipotuandikia nisubiri, alikuwa anajua?" Nikamwambia alikuwa anajua. Akachukua nyundo akaenda kazini. Njia ya kazini inapita duka la vitambaa, na yule binti hukaa mlangoni, tumbo limeshachomoza.

Jioni nikamwambia, twende kwa dada yako. Akasema, "Nitakufikisha kituoni, mizigo nitakupakilia. Kupanda sipandi." Nikamwambia ni mgonjwa. Akasema, "Mimi pia alinifanya mgonjwa, Mama, na sikuwa naumwa." Nimekuandikia kama alivyosema, nisije nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi nakuja. Ngazi zako nitazipanda, goti likitaka lisitake. Kikombe nitakushikia, nilimshikia baba yako, mkono umezoea. Lakini usitegemee nikubembeleze nikifika. Siku ya kwanza nitakaa tu, sitasema kitu. Uvumilie, kama ulivyotuvumilisha.

Mama yenu wote wawili